Bila Mkwaruzo, fundi wa milango ya magari, sasa anatembea na nyundo

Jua la saa saba mchana limesimama juu ya maegesho ya hospitali, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi amesimama kando ya gari lake akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Gari linaunguruma. Waipa zinafuta kioo kikavu, kwaru, kwaru, kwaru. Funguo zimo mahali pake, nyuma ya usukani, na milango yote minne imejifunga.

"Nilishuka kidogo tu," anamwambia yeyote aliye tayari kumsikiliza. "Kidogo tu, jamani, nichukue mkoba ulioanguka."

Mtu anayekuja kumwokoa hana haraka. Ni mrefu, mabega yamepinda, amevaa ovaroli ambayo zamani ilikuwa ya buluu, na begani ananing'iniza mfuko wa turubai. Hamsalimii mwalimu. Anaweka viganja juu ya kioo cha nyuma kukinga mwanga na kuchungulia kiti cha nyuma. Anazunguka upande wa pili, anachungulia tena, safari hii sakafuni.

"Kuna mtu ndani?" anauliza.

"Mtu gani? Nimekuja peke yangu."

"Mtoto?"

"Fundi, nimekwambia niko peke yangu."

Hapo ndipo anapompa mkono na kumsalimia. Kisha anamuuliza swali la pili, ambalo kila mteja wake lazima alijibu: ndani ya kidroo cha mbele, mahali pasipoonekana kwa nje, kuna nini? Ndiyo njia yake ya kumjua mwenye gari na mwizi. Mwizi hukisia miwani ya jua. Mwenye gari hutaja takataka zake.

"Kuna risiti za mafuta, dawa ya mbu, na picha ya harusi yangu," anasema mwalimu.

"Picha ya harusi kwenye kidroo?"

"Ndoa yenyewe ilishakufa, Fundi. Ningeiweka wapi?"

Fundi anacheka kidogo, kicheko cha puani, na kufungua mfuko. Anatoa kabari ya mbao iliyovikwa kitambaa, anaipenyeza juu ya mlango kati ya mpira na bati. Anaingiza kifuko bapa cha mpira na kukipampu kwa mkono mpaka mlango unaachia upenyo wa kupitisha kidole. Halafu waya mrefu, uliofunikwa plastiki usikwaruze, unaingia polepole. Anafumba jicho moja. Kinasikika kishindo kidogo, tak, na mlango unafunguka.

Mwalimu anapiga makofi. Picha ya harusi inatolewa kuthibitisha, bwana harusi akiwa amekunjwa upande wa nyuma. Watu waliokuwa wanatazama wanatawanyika wakisifu. Fundi peke yake hafurahi. Anarudisha vifaa vyake mfukoni, na kabla ya kuufunga anagusa kitu kimoja ambacho hakukitumia, kama mtu anayehakikisha pochi yake ipo. Ni nyundo fupi yenye ncha ya chuma, ya kuvunjia kioo.

Hapa langoni mwa hospitali wanamwita Bila Mkwaruzo. Jina hilo alipewa na madereva wa teksi miaka zaidi ya ishirini iliyopita, alipofungua gari jipya la daktari mmoja mkubwa mbele ya umati, na daktari akalizunguka mara mbili akitafuta alama asiione. Ni jina lililomlisha. Watu walitoka mitaa ya mbali kumtafuta, na mafundi wenzake walipokwama na gari la tajiri walimwita yeye.

Siku hizi anaomba aitwe Fundi tu. Amewaomba madereva, amewaomba walinzi, amewaomba wauza maji. Wote wanaitikia vizuri, kesho yake wanamwita Bila Mkwaruzo.

Aliichagua hospitali kwa sababu ambayo mtu asiyekaa hapa hawezi kuijua. "Watu wanadhani anayefungia funguo ndani ya gari ni mzembe," anasema. "Wazembe wapo, lakini wachache. Wengi wana jambo kichwani. Kapigiwa simu, njoo haraka, baba yako kazidiwa. Anafika hapa mwili umeshuka, akili bado iko njiani. Ukimkuta mtu kafungia funguo hospitali, usimcheke. Muulize kwanza anakwenda wodi gani."

Wanaotoka upande wa nyuma, kwenye chumba cha maiti, hawatajii bei. Anafungua na kukaa kando. Anasema wengi hurudi baada ya wiki moja au mbili kumtafuta wamlipe, na wasiorudi hawafuati.

Lakini kazi yenyewe inakauka. Gari la kisasa halikubali kufungwa funguo zikiwa ndani. Linapiga kelele mpaka mwenyewe ashtuke. Zamani Bila Mkwaruzo alifungua magari sita au saba kwa siku moja. Wiki iliyopita alifungua manne. Wiki ya kabla yake, moja. Wenzake wawili waliokuwa wakikaa naye hapa walishahamia kwenye soko jipya, wanachonga funguo za nyumba na kutengeneza rimoti, na wanasema mambo si mabaya. Wamemwita mara nyingi. Meza yake ipo, wamemwachia.

Haendi. Anakaa pale pale langoni, juu ya stuli ya chuma, na sababu yake inapita mbele yake kila Alhamisi asubuhi.

Ni mwanamke mwembamba wa makamo, na mgongoni amembeba binti wa miaka mitano ambaye kwa umri wake angepaswa kuwa anakimbia. Miguu ya mtoto inaning'inia mpaka karibu na magoti ya mama. Mama anapita langoni, anapita mbele ya stuli, anaelekea jengo la mazoezi ya viungo. Fundi husimama anapomwona. Humwamkia. Mama hageuki. Tangu mwaka juzi hajageuka hata mara moja.

"Nikihama atasema nimekimbia," anasema Bila Mkwaruzo. "Sitaki kitu kingine kwake. Aniambie neno moja tu, hata tusi. Nitalipokea."

Yaliyotokea mwaka juzi yanajulikana na kila mtu wa langoni, na kila mtu huyasimulia kwa kushusha sauti.

Ulikuwa msimu wa joto. Baba wa mtoto huyo alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja, na siku hiyo alikuwa amempeleka bosi wake kumwona mgonjwa. Kwa kuwa mama mtoto alikuwa na homa nyumbani, dereva alimchukua binti yake, aliyekuwa na miaka mitatu, akamweka kiti cha nyuma. Hakumwambia bosi. Alikwenda kumchukua nyumbani baada ya bosi kumwambia atachelewa kutoka wodini, akarudi naye hospitalini.

Alizima gari, akashuka kuongea na mlinzi aliyekuwa akimlalamikia kwamba ameziba njia. Binti asilie, alimwachia funguo achezee, jambo ambalo wazazi wengi hulifanya. Rimoti ilikuwa kwenye funguo hizo. Mtoto akabonyeza. Milango ikajifunga. Akabonyeza tena.

Mbonyezo wa pili ndio uliokuwa na balaa. Kuna magari ambayo ukiyafunga hivyo, hata mkono wa ndani wa mlango unakuwa pambo. Ukiuvuta hauvuti kitu. Gari la bosi lilikuwa moja la hayo.

Mwanzoni halikuwa jambo la kutisha. Dereva alichuchumaa dirishani akimwonyesha binti yake kwa vidole, bonyeza, mama, bonyeza hapo. Mtoto alidhani ni mchezo. Alicheka. Alizitikisa funguo zikalia, akazirusha sakafuni, akacheka tena. Watu waliokuwa wakitazama nao walicheka.

Bila Mkwaruzo alikuwa upande wa pili wa maegesho akimfungulia mtu mwingine. Alipofika, jua lilikuwa limeshachemsha bati. Dereva alimshika mkono. Maneno yake ya kwanza, kwa mujibu wa wote waliokuwepo, yalikuwa haya: "Fundi, usivunje kitu. Hili gari si langu."

"Dakika mbili," alijibu Bila Mkwaruzo.

Aliingiza kabari, akapampu, akapitisha waya, akaukamata mkono wa ndani na kuuvuta. Hakuna kilichofunguka. Akavuta tena. Akahamia mlango wa pili. Akajaribu kuziokota funguo zile sakafuni kwa ncha ya waya. Alizigusa. Ziliteleza. Alizigusa tena.

"Nilikuwa nazigusa," anasema leo, na mkono wake wa kulia unajikunja hewani kama bado umeshika waya. "Hicho ndicho kilichoniua. Ningekuwa sizigusi kabisa, ningevunja. Lakini nilizigusa, nikasema bado kidogo. Nikainuka, jasho, nikasema bado kidogo. Kumbe mtoto ameshaacha kucheka."

Ilipita zaidi ya nusu saa. Umati ulikuwa umejaa, na hili ndilo jambo ambalo mwandishi wa makala haya, baada ya kuongea na watu wengi, ameshindwa kulimeza: kila mtu mzima aliyekuwa pale alikuwa na mikono, na mawe yalikuwepo. Mlinzi mmoja aliinua rungu lake. Watu wakamzuia. Mwacheni fundi afanye kazi, walisema. Huyu ni Bila Mkwaruzo.

Aliyevunja kioo ni mama muuza maji, kwa jiwe linaloshikilia mguu wa mwavuli wake. Alikuwa amekwenda kujaza ndoo, akarudi, akaona, akauliza mtoto yule mbona macho hivyo. Hakungoja jibu.

"Kama fundi asingekuwepo siku ile," anasema mama huyo, akifunga chupa zake za maji bila kumwangalia mtu, "kioo kingevunjwa mapema sana. Hata na kipofu. Ubaya ni kwamba alikuwepo, na sote tunamjua ni hodari."

Mtoto alikimbizwa ndani. Hospitali ilikuwa pale pale, hatua chache, na waliomwona walisema ana bahati. Aliishi. Lakini joto lilikuwa limeshampanda kichwani, akapata degedege moja baada ya jingine, na alipotoka wodini baada ya majuma mengi hakuwa tena mtoto aliyeweza kusimama. Maneno yote aliyoyajua, hata lile la kumwita baba yake, yalikuwa yamekwenda.

Kioo cha gari kilibadilishwa siku ile ile. Ilichukua muda wa mtu kunywa chai.

Dereva alifukuzwa kazi wiki iliyofuata, si kwa sababu ya kioo bali kwa kupakia mtoto bila ruhusa. Sasa anapakia mbao kwenye karakana moja ya seremala. Alipokubali kuzungumza, alisimama huku amebeba ubao begani muda wote, akakataa kuutua.

"Watu wanamlaumu fundi bure," alisema. "Mimi ndiye niliyempa mtoto funguo. Mimi ndiye niliyesema usivunje. Gari la bosi! Nilimwogopa mtu ambaye leo hata hanikumbuki."

Bila Mkwaruzo anayakataa maneno hayo kwa ukali ambao si kawaida yake. Kwa maelezo yake, dereva alibadilika. Ilifika mahali akapiga kelele, vunja, Fundi, vunja, na yeye akajibu imekaribia. Amelisema hilo polisi, amelisema kwa mke wake, amelisema langoni mara zisizo na idadi. Hakuna anayeliamini. Wanadhani anambebea mwenzake lawama kwa sababu ya utu wake. Polisi nao waliandika kwamba ni ajali, wakafunga faili.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," anasema. "Mimi nilisifiwa miaka yote ile. Nikatia maji siku moja tu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mtoto wa mtu. Niliogopa nini? Niliogopa watu waseme leo Bila Mkwaruzo kavunja kioo. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Na nikisema ukweli huu, watu wananipiga bega, wananiambia wewe ni mtu mwema. Nifanye nini, nipande juu ya ukuta?"

Dereva, alipoulizwa kama kweli alisema vunja, aliuhamishia ubao bega la pili. "Sikumbuki," akasema. "Na kama nilisema, sikusema kama baba."

Nyumbani kwa Bila Mkwaruzo ni vyumba viwili nyuma ya duka la cherehani. Mkewe, mshona nguo mcheshi mwenye tepu ya kupimia shingoni, anacheka hata anapolia. Anasema Jumatano jioni mumewe hagusi chakula, na Alhamisi mchana hurudi amenyamaza kama aliyetoka kuzika.

"Angekuwa na mwanamke nje ningejua pa kumwendea, nikamshike huyo mwanamke nywele, yaishe," anasema. "Sasa nitamshika nani? Nilimwambia, baba watoto, twende kule sokoni, wenzako wanakula vizuri. Akaniambia nenda wewe. Mume wangu anaishi langoni. Hapa anakuja kulala."

Mara ngapi amekwenda kuomba radhi? Mke anahesabu kwa vidole, anaacha. Walikwenda pamoja na wazee wa familia mara ya kwanza. Walikaribishwa, wakapewa viti, baba mtoto akalia pamoja nao. Mama mtoto alikuwa chumba cha pili akimlisha binti yake kwa kijiko. Hakutoka. Mara ya pili mlango haukufunguliwa. Baada ya hapo Bila Mkwaruzo akawa anakwenda peke yake, anasimama nje, anarudi.

Mke wake anasema siku moja jirani wa pale alimtania kwamba fundi wa milango kashindwa na mlango. Hakulala usiku ule.

Mama mtoto hakutaka kuongea na gazeti. Alikubali Alhamisi ya pili, kwenye benchi la kungojea, ghorofa ya pili ya jengo la mazoezi. Lifti ya jengo hilo imekufa na imebandikwa karatasi ya kuomba subira. Kutoka chini mpaka juu ni ngazi pana za saruji zenye kona mbili, na kila kona alikuwa amesimama, ameegemea ukuta, akivuta pumzi. Mtoto alikuwa mapajani mwake, kichwa kimeegemea kifua, macho makubwa yakifuata feni ya darini.

Je, amemchukia fundi?

"Nani kakwambia nimemchukia?" alisema. "Watu wananitungia chuki. Mimi chuki nitaipatia wapi nafasi? Nikiamka ni kumwosha, kumgeuza, kumlisha, kumnyoosha miguu, kufua. Ikifika jioni hata jina langu silikumbuki."

Mbona basi hamjibu salamu?

Alimfuta binti yake mate kwa pindo la nguo, akamsogeza upande wa bega la pili.

"Sikiliza. Nyumbani nina mwanamume anayeniambia kila usiku ni mimi, ni mimi niliyekosa. Nikija hapa kuna mwingine amesimama na uso wake, naye anataka kuniambia ni yeye. Wanagombania kosa kama watu wanaogombania kulipia chai. Kila mmoja anataka nimwambie nimekusamehe, alale. Nimsamehe huyu, yule je? Wote wawili wana huzuni yao wameishika mikononi. Mtoto nimembeba mimi."

Sauti yake haikuwa imepanda hata kidogo. Mwandishi alitazama chini, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Anakua, unaona," aliendelea. "Mwaka jana nilikuwa napanda bila kusimama. Sasa nasimama kona zote. Mwaka kesho sijui. Baba yake Alhamisi yuko kwenye mbao, akikosa siku moja wanamtoa. Kila mtu hapa chini ananihurumia. Wananiambia pole, mama, pole. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwambie huyo fundi msamaha haupandi ngazi. Kama ana mgongo, aje na mgongo."

Kazi ya mwandishi si kupeleka salamu. Siku hiyo zilipelekwa.

Bila Mkwaruzo aliposikia, alikaa juu ya stuli yake, mikono kwenye magoti. Aliuliza kama ndivyo mama alivyosema hasa, neno kwa neno. Akaomba arudiwe. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: mtoto ana uzito gani?

Ni Alhamisi nyingine, na watu wa langoni wanajifanya wana shughuli. Mama muuza maji anapanga chupa ambazo tayari zimepangwa. Madereva wa teksi wameshusha vioo. Bila Mkwaruzo amekuja bila ovaroli. Amevaa shati safi lililopigwa pasi na mkewe, na mfuko wake wa vifaa ameuacha kwa mlinzi. Hajaketi tangu afike.

Mama mtoto anaingia langoni. Anakuja mpaka mbele ya stuli. Anasimama.

"Habari za asubuhi, mama," anasema fundi.

"Umenawa mikono?"

Anamwonyesha viganja, mbele na nyuma, kama mwanafunzi mstarini. Mama anavitazama bila haraka. Halafu anageuka, anamwomba mama muuza maji amshikie mtoto, anafungua mbeleko.

"Inama."

Fundi anainama. Mtoto anawekwa mgongoni. Anaanza kulia, kilio chembamba kisicho na neno, na fundi anaganda pale pale alipoinama, uso umemtoka rangi. "Analia," anasema. "Mama, analia, hanitaki."

"Analia kwa sababu una mgongo mgumu. Usisimame ghafla." Mama anapitisha mbeleko chini ya makalio ya mtoto, anaizungusha kifuani mwa mwanamume huyu mzima, anaikaza na kufunga fundo kwa nguvu za mtu aliyezoea. "Mkono mmoja nyuma. Kichwa chake kisidondoke. Haya."

Dereva mmoja wa teksi anashindwa kujizuia na kupiga mluzi kumwona fundi amevaa mbeleko. Mama muuza maji anamtazama mara moja tu, na mluzi unakatika.

Wanavuka maegesho, mama mbele, fundi nyuma. Kwenye ngazi anapanda kwa kuhesabu pumzi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu ambaye kazi yake ni ya kuinama na ya vidole, si ya mgongo, na kwenye kona ya kwanza anapumua kwa mdomo. Mtoto ameshaacha kulia. Ameshika ukosi wa lile shati safi na kuutia mdomoni, na mate yanamtiririkia fundi shingoni.

"Mama," anaanza kusema fundi, "siku ile mimi..."

"Tazama ngazi, Fundi."

Anatazama ngazi. Moja moja, mpaka juu.

Chumba cha mazoezi kina mkeka wa mpira, kioo kirefu ukutani na fito mbili za chuma za kushikilia. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mwenye sauti ya chini, anamlaza mtoto chali na kuanza kumkunja na kumkunjua magoti. Akiulizwa kama atatembea, hapindishi maneno. Kusimama kwa kushikwa, huenda, baada ya muda mrefu. Kutembea, hawezi kuahidi, na wazazi ameshawaambia. Maneno yaliyopotea hajui kama yatarudi.

Bila Mkwaruzo anasikia yote hayo akiwa mlangoni, mbeleko tupu bado imefungwa kifuani. Hajui kama aifungue au aiache. Machozi yanamtoka na hayafuti. Mama mtoto amekaa kwenye benchi, mgongo ameuegemeza ukutani, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii amefumba macho. Pengine amelala. Mikono yake imelala wazi mapajani, haijashika kitu.

Mwandishi anamuuliza fundi, kwa sauti ya kunong'ona, sasa ana mpango gani. Atakwenda kule sokoni kwa wenzake?

"Siku nyingine nitakwenda. Wanaweza kuniona Ijumaa, wanaweza kuniona Jumatatu," anasema. "Alhamisi ni ya huku."

Mpaka lini?

Anamtazama mtoto, ambaye mguu wake wa kushoto umeinuliwa na mtaalamu na kuachiwa, nao unaanguka kwenye mkeka kwa kishindo kidogo. Unainuliwa tena. Unaanguka tena.

"Kazi ya magari inaniishia, na nimemwomba Mungu isiishe," anasema. "Hii ndiyo kazi pekee ninayoomba iishe. Mtoto aje anikatae mwenyewe. Aniambie, nishushe wewe mzee, mimi nina miguu yangu."